Aliyekesha Huzama Haraka: Jinsi Deni la Usingizi Linavyouvuta Usingizi Mzito

Mtu anayegusa mto na kukoroma papo hapo huonewa wivu. Husemwa ana raha, hana mawazo, ametulia rohoni. Kwenye maabara ya usingizi mtu huyohuyo huulizwa: jana ulilala saa ngapi, na juzi je? Mtu mzima aliyeshiba usingizi huchukua dakika 10 hadi 20 hivi tangu taa izimwe mpaka apitiwe. Anayepitiwa ndani ya dakika 2 au 3 kila siku mara nyingi ana njaa ya usingizi. Njaa hiyo humlaza upesi, kisha humtumbukiza kwenye usingizi mzito kabla ya wakati wake wa kawaida.

Hapo ndipo wengi hukosea kuisoma dalili. Usingizi mzito unaokuja mbio huchukuliwa kuwa usingizi bora, na anayelala saa 5 kwa siku hujitetea kwamba analala kidogo lakini analala hasa. Kuhusu kina, asemalo ni kweli. Tafsiri yake ndiyo mbovu. Mwili wake unafupisha njia kwa sababu unadai, na unaanza kujilipa kile usichoweza kukikosa. Madai yanayobaki hayaonekani usiku. Huonekana kesho yake mchana, na mara nyingi huonwa na watu wengine kabla ya mwenyewe.

Tuanze na mwendo wa kawaida, maana bila kuujua huwezi kusema kilichoharakishwa ni nini. Usingizi hupimwa kwa vinasa umeme vinavyobandikwa kichwani, kando ya macho na kidevuni. Rekodi ya usiku mzima hukatwa vipande vya sekunde 30, na kila kipande huandikiwa hatua moja. N1 ni lepe la usingizi: macho huzunguka polepole, na mtu akiguswa huamka na kukana kwamba alikuwa amelala. Hudumu dakika 1 hadi 7. N2 ni usingizi kamili lakini bado mwepesi. Ubongo hutoa vishada vifupi vya mawimbi ya mizunguko 11 hadi 16 kwa sekunde, na mara mojamoja huchomoza wimbi moja kubwa, hasa sauti ikisikika chumbani. Kwa aliyeshiba, N2 ya kwanza huchukua dakika 10 hadi 25. Kisha mawimbi hupungua kasi na kupanda kimo: mizunguko 0.5 hadi 2 kwa sekunde, kimo cha zaidi ya maikrovolti 75. Yakijaza angalau asilimia 20 ya kipande, yaani sekunde 6 kati ya 30, kipande hicho huandikwa N3. Huo ndio usingizi mzito, usingizi wa pono. Katika mzunguko wa kwanza wa usiku hudumu dakika 20 hadi 40. (Anayesoma tafiti za kabla ya 2007 atakuta hatua ya 3 na ya 4, mwaka huo ziliunganishwa na kuitwa N3.)

Kwa hesabu hiyo, tangu kufumba macho hadi kufika N3 mtu aliyeshiba hutumia karibu nusu saa. Kwamba kina kikubwa kiko mwanzoni mwa usiku lilijulikana kabla hata ya kipimo cha umeme wa ubongo. Mwaka 1862 Ernst Kohlschütter, nchini Ujerumani, alipima sauti ya ukubwa gani inahitajika kumwamsha aliyelala, akaona usingizi ni mzito zaidi ndani ya saa ya kwanza kisha hupungua kuelekea alfajiri.

Sasa mkeshe mtu huyo usiku mmoja, kisha umruhusu kulala. Muda wa kupitiwa hushuka hadi dakika chache, wakati mwingine hata dakika moja haifiki. N1 huwa kama haipo. N2 hubanwa, na N3 inaingia dakika chache tu baada ya kufumba macho. Ikishaingia inakaa muda mrefu kuliko kawaida, na mawimbi yenyewe huwa makubwa na mengi zaidi kwa kila dakika. Sauti ambayo jana ingemwamsha leo haimfikii. Na kwa kuwa N3 imetanuka, usingizi wa REM, ule wa ndoto nyingi na macho kucheza chini ya kope, husogezwa mbele. Kwa kawaida REM ya kwanza huja baada ya dakika 70 hadi 120 na huwa fupi. Usiku wa kufidia huchelewa, au huja kwa kifupi sana.

Kwa nini iwe hivyo? Kila saa ya kuwa macho, chembe za ubongo hutumia nishati, na kemikali iitwayo adenosini hujikusanya katikati yake. Mwaka 1997 Tarja Porkka-Heiskanen na wenzake walionyesha kwa paka kwamba adenosini huongezeka sehemu ya mbele ya chini ya ubongo kadiri mnyama anavyozuiwa kulala, na hushuka anapolala. Adenosini huzipunguzia nguvu chembe zinazotuweka macho, na hivyo zile za haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, zinazoleta usingizi huachiwa nafasi. Thalamasi, inayopokea habari za hisia na kuzipeleka kwenye gamba la ubongo, inapokosa msukumo wa chembe za kukesha hubadili mtindo wake na kuziba mlango. Gamba la ubongo nalo huanza kuwaka na kuzimika kwa pamoja, mamilioni ya chembe yakinyamaza kwa sehemu ya sekunde kisha yakiamka kwa mkupuo. Mdundo huo ndio wimbi kubwa tunaloliona kwenye rekodi. Shinikizo likiwa dogo, mpito huu huenda kwa kusitasita, na chochote humrudisha mtu nyuma. Likiwa kubwa, chembe nyingi hunyamaza kwa wakati mmoja, na mpito unakuwa kama kuporomoka.

Adenosini peke yake haielezi yote, lakini inaeleza kosa moja la kila siku. Kafeini haiondoi adenosini. Inakalia vipokezi vyake ili isisikike. Deni linaendelea kukua, mlinzi wa mlango tu ndiye amezibwa masikio. Nusu ya kafeini huondoka mwilini kwa takriban saa 5, kwa baadhi ya watu zaidi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2013, miligramu 400 zilizonywewa saa 6 kabla ya kulala zilipunguza usingizi kwa zaidi ya saa moja. Hans-Peter Landolt na wenzake walikuwa wameonyesha mwaka 1995 kwamba hata miligramu 200 za asubuhi huacha alama kwenye mawimbi mazito ya usiku unaofuata. Aliyekesha akajishikiza kwa kafeini mchana kutwa anaweza kulala upesi bado, kwa sababu deni ni kubwa, lakini usingizi mzito anaoupata hauna nguvu ambayo ungekuwa nayo.

Hesabu ya deni ilipata umbo mwaka 1982, Alexander Borbély alipopendekeza kwamba usingizi huendeshwa na mambo mawili: shinikizo linalopanda tukiwa macho na kushuka tukilala, na saa ya mwili inayokwenda na usiku na mchana. Makadirio yaliyozoeleka ni kwamba shinikizo hupanda kwa kipimo cha muda cha saa 18 na kushuka kwa kipimo cha saa 4, yaani katika muda huo hukamilisha karibu asilimia 63 ya safari iliyobaki. Maana yake ni kwamba kupanda kunaanza kwa kasi kisha kunalegea. Ukianza na sifuri na kilele kikiwa 100, baada ya saa 16 za kuwa macho uko karibu 59. Ukikesha hadi saa 40, uko karibu 89. Umekaa macho mara mbili na nusu zaidi, lakini shinikizo halikuongezeka hata mara mbili. Ndiyo sababu aliyekesha siku mbili halali siku mbili. Anaongeza saa chache tu, na sehemu kubwa ya fidia inapatikana kwa kina.

Kushuka nako ni kwa kasi mwanzoni. Baada ya saa 4 za usingizi shinikizo limebaki asilimia 37 ya lilivyokuwa, baada ya saa 5 asilimia 29, baada ya saa 8 asilimia 14. Tazama hapo anavyoponzwa mtu wa saa 5: zaidi ya theluthi mbili za shinikizo la usingizi mzito zimekwisha, kwa hiyo anaamka akijisikia amelala kweli.

Tuipeleke hesabu hiyohiyo mbele, kwa mtu anayerudia ratiba yake kila siku mpaka itulie. Anayelala saa 8 anaingia kitandani na shinikizo la karibu 62 na anaamka na 8. Anayelala saa 5 anaingia na 72 na anaamka na 21. Wakati wa kulala tofauti yao ni ndogo: huyu wa pili atazama haraka zaidi na N3 yake itakuwa nene kidogo. Asubuhi, kilichobaki kichwani mwake ni zaidi ya mara mbili ya mwenzake. Anayepima usingizi wake kwa uzito wa saa ya kwanza anapima mahali ambapo tofauti ni ndogo kabisa.

Na hesabu hii inamhurumia. Inasema baada ya siku chache mambo yatatulia na hayataharibika zaidi. Majaribio yanasema vingine. Mwaka 2003 Hans Van Dongen na wenzake, Marekani, waliwagawa watu wazima wenye afya katika makundi ya saa 4, 6 na 8 kitandani kwa usiku 14 mfululizo. Usingizi mzito wa waliobanwa haukupungua kwa kiasi cha kutisha. Umakini wao ndio uliendelea kushuka siku baada ya siku, na wiki mbili zilipoisha, waliolala saa 4 walikuwa wakikosea kama watu waliokesha usiku mbili mfululizo, na waliolala saa 6 kama waliokesha mmoja. Walipoulizwa wanajisikiaje, usingizi waliousema uliongezeka kidogo siku za mwanzo kisha ukasimama. Walijiona wamezoea. Kwa maoni yangu hakuna tokeo muhimu kuliko hilo kwa mtu anayejivunia usingizi mfupi: ubongo una kipimo cha deni ambacho hakisomeki kwenye usingizi mzito wala kwenye hisia za mwenyewe.

Linalokatwa, basi, ni nini? Usiku una mpangilio. N3 imerundikana katika theluthi ya kwanza, REM katika theluthi ya mwisho. Kengele inayolia saa 10 alfajiri badala ya saa 12 asubuhi haigusi usingizi mzito, inang'oa REM na N2 za mwishoni. Kwa mtu mzima wa kawaida N3 ni asilimia 13 hadi 23 ya usiku, REM ni 20 hadi 25, na N2 ni karibu nusu. Mwili unaponyimwa vyote, hulipa kwa zamu. Randy Gardner, mwanafunzi wa California aliyekesha saa 264 kuvuka mwaka mpya wa 1964 huku mtafiti wa usingizi William Dement akimfuatilia, alilala zaidi ya saa 14 usiku wa kwanza. Katika siku za kufidia zilizofuata hakurudishiwa hata nusu ya jumla ya saa alizopoteza, lakini sehemu iliyorudishwa kwa wingi ilikuwa hatua ya 4, ikifuatiwa na REM. N2 haikurudi kwa kiasi cha kuhesabika.

Ukali wa foleni hiyo una sababu. Saa ya kwanza ya N3 ndiyo inayobeba mfumuko mkubwa wa homoni ya ukuaji, na tangu 1968 inajulikana kwamba usingizi ukicheleweshwa, mfumuko huo nao huchelewa kuusubiri. Mwaka 2008 Esra Tasali na wenzake huko Chicago walikandamiza usingizi mzito wa vijana wenye afya kwa sauti zilizopunguza kina bila kuwaamsha. Jumla ya saa za usingizi ilibaki ileile. Baada ya usiku 3 tu, mwitikio wa mwili kwa insulini ulishuka kwa takriban robo. Mwili haukimbilii N3 kwa bahati.

Kasi hii ina madhara ya moja kwa moja, na hapa ushauri wa kawaida kuhusu usingizi wa mchana unahitaji kurekebishwa. Watu huambiwa walale dakika 20 hadi 30 mchana kwa sababu hawatafika kwenye usingizi mzito. Ni kweli kwa aliyeshiba. Aliyelala saa 4 jana anaweza kuwa ndani ya N3 dakika ya 15, na kengele ya dakika 30 itamng'oa katikati ya mawimbi makubwa. Anaamka kwenye mang'amung'amu: mikono mizito, maneno hayaji, uamuzi mbovu. Hali hiyo kwa kawaida hupungua kati ya dakika 15 na 60, lakini kwa mwenye deni kubwa huwa kali zaidi na hudumu zaidi. Amber Brooks na Leon Lack, Australia, walilinganisha mwaka 2006 usingizi wa mchana wa dakika 5, 10, 20 na 30 kwa watu waliolala karibu saa 5 usiku uliopita. Dakika 10 ndizo zilizoleta nafuu ya papo hapo. Dakika 30 zilianza kwa uzito wa kichwa kabla ya nafuu kufika.

Kwa hiyo weka kengele kulingana na deni. Aliyelala vizuri anaweza kuchukua dakika 20. Aliyekesha na anayehitaji kufanya kazi mara tu akiamka achague dakika 10 hadi 15 za usingizi, kengele ikiongezewa dakika 2 au 3 tu za kupitiwa, maana hatahitaji zaidi. Kama ana nafasi, alale dakika 90 ili avuke N3 na kutoka upande wa pili. Lililo baya zaidi kwake ni katikati, dakika 30 hadi 60. Miligramu 150 hadi 200 za kafeini zikinywewa kwa mkupuo kabla tu ya kujilaza kwa dakika 15 husaidia, kwa kuwa huanza kufanya kazi wakati wa kuamka. Jim Horne na Louise Reyner walilijaribu hilo kwa madereva wenye usingizi, Uingereza, miaka ya 1990. Ila jioni lisifanywe.

Kuna wanaopaswa kulichukua hili kwa uzito wa pekee. Daktari wa zamu, mhudumu wa dharura, fundi anayeitwa usiku: anaamshwa akiwa N3, na kwa kuwa ana deni karibu kila mara, N3 ndiyo anayokutwa nayo. Kipimo cha dawa, zamu ya usukani, maamuzi ya simu visifanyike katika dakika za kwanza kama kuna wa kusubiri. Dereva aliyeegesha gari akalala asiliondoe mara tu anapofumbua macho; atoke, atembee, anywe maji, asubiri angalau dakika 20. Kukaa macho saa 17 mfululizo kulionyeshwa na Drew Dawson na Kathryn Reid mwaka 1997 kuwa kunashusha utendaji kama kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Mzazi wa mtoto mchanga asiketi naye kwenye kochi huku kope zimemlemea. Mtu aliyekesha hahitaji nusu saa ya kusinzia ili azame, na akishazama hasikii wala hahisi kwa wepesi wa kawaida. Afadhali mtoto alazwe kitandani mwake kwanza, hata akilia kidogo.

Wanaotembea usingizini nao hutoka humu. Tukio hilo huanza pale ubongo unapoamka nusu kutoka N3: sehemu za mwendo zimeamka, za kupima mambo bado zimelala. N3 ikiwa nene, kuamka nusunusu kunakuwa rahisi. Watafiti wa Montreal, Antonio Zadra akiwamo, waliwakesha watu wenye tabia hiyo kwa saa 25 na matukio yakaongezeka waziwazi katika usingizi wa kufidia. Mwenye historia ya kutembea usingizini asikeshe kisha akalala mahali penye ngazi au dirisha wazi.

Wafanyakazi wa usiku huuliza kwa nini asubuhi wanazama kama jiwe kisha saa 6 mchana macho yamefumbuka. Derk-Jan Dijk na Charles Czeisler walilitenganisha hili mwaka 1995 kwa kuwaweka watu kwenye siku ya bandia ya saa 28, ili ratiba ya kulala izunguke saa zote za mwili. Usingizi mzito ulifuata muda wa kuwa macho, bila kujali sana saa ya mwili. REM na uwezo wa kuendelea kulala vilifuata saa ya mwili. Mfanyakazi wa usiku anapata N3 yake upesi saa 2 asubuhi, kisha saa ya mwili inamwamsha kabla ya REM na N2 kutosha. Kufika kwa usingizi mzito hakumaanishi usingizi umekamilika. Anahitaji giza la kweli, ukimya, na mara nyingi usingizi wa pili wa dakika 90 kabla ya kuingia zamu.

Saa hiyohiyo ya mwili humshangaza aliyekesha anayejilaza mapema mno. Saa 2 au 3 kabla ya muda wake wa kawaida wa kulala kuna kipindi ambacho mwili hukataa usingizi. Peretz Lavie alikieleza mwaka 1986. Anayelala kila siku saa 4 usiku akijilaza saa 1 jioni anaweza kugaragara, deni lote likiwa begani. Tena akifanikiwa kulala saa 2 za jioni, atakuwa ameula mtaji wa usiku: N3 ya usiku itachelewa na kupungua. Saa moja mapema inatosha.

Yote haya yanahusu mtu mwenye uwezo wa kulala aliyenyimwa nafasi. Mwenye tatizo la kudumu la kukosa usingizi ni habari nyingine, na kuwachanganya huwaumiza. Yeye nafasi anayo, saa 9 kitandani, lakini mfumo wa kukesha hauzimi. Hawezi kuzama haraka ingawa kalala kidogo. Mara nyingi hufidia kwa kukaa kitandani zaidi, na hapo hulisambaza shinikizo dogo alilonalo juu ya saa nyingi mpaka halina nguvu ya kumfikisha N3.

Kwake kasi ya deni hugeuzwa dawa. Arthur Spielman aliieleza njia hiyo mwaka 1987. Kwa wiki 2 mtu huandika kila asubuhi saa alizokaa kitandani na saa alizolala. Tuseme alikaa 9, alilala 6: ufanisi ni 6 gawanya kwa 9, asilimia 67. Muda wa kitandani hupunguzwa kuwa 6, kamwe usiwe chini ya 5, na saa ya kuamka hufungwa: aamke saa 12 asubuhi kila siku, asiguse kitanda kabla ya saa 6 usiku. Mchana halali. Ndani ya siku chache shinikizo linapanda, kupitiwa kunafupika, N3 inakuja mapema na kukaa pamoja. Akilala 5 na nusu kati ya 6, ufanisi ni asilimia 92. Ukifika 90 kwa wastani wa wiki, muda wa kitandani huongezwa dakika 15. Ukishuka chini ya 85, hupunguzwa. Kosa la kawaida ni kuongeza saa nzima baada ya usiku mmoja mzuri, au kulala hadi jua kali siku za mapumziko, na shinikizo lote likapotea. Wenye kifafa au maradhi ya hisia yenye vipindi vya kuchangamka kupita kiasi wasiifanye bila daktari, kwa kuwa kukosa usingizi huamsha maradhi hayo. Madereva wa masafa na waendesha mitambo pia wasiianze wakiwa kazini.

Wapo wanaotafuta kasi hiyo kwa njia ya mkato. Pombe huharakisha kulala na kunenepesha N3 ya nusu ya kwanza ya usiku, kisha nusu ya pili inapasukapasuka. Dawa za jamii ya benzodiazepini hulaza upesi lakini hupunguza N3 yenyewe, hivyo muda wa kupitiwa unapendeza na mawimbi mazito yanasinyaa. Maji ya moto ya nyuzi 40 hadi 42 kwa dakika 10, saa 1 au 2 kabla ya kulala, hayana hasara hiyo: damu huja kwenye ngozi, joto la ndani hushuka, na kupitiwa hufupika kwa dakika chache. Saa za mkononi zinazodai kupima usingizi mzito hukisia kutokana na mapigo ya moyo na mwendo. Hazisomi mawimbi ya ubongo, kwa hiyo asilimia ya N3 ya usiku mmoja isikupandishe wala kukushusha.

Anayekoroma, anayeamka na koo kavu na kupitiwa kila akikaa, apimwe kukatika kwa pumzi usingizini. Kila pumzi inapokatika humrudisha juu, anapoteza N3 bila kujua, na deni hukua hata akilala saa 9. Usiku wa kwanza wa matibabu kwa mashine ya hewa huonyesha N3 ikifurika, ushahidi wa alichokuwa akinyimwa.

Kwa aliyekesha mara moja tu, mpango ni mfupi. Asubuhi alale dakika 90 kama ratiba inaruhusu, asivuke saa 9 alasiri akiwa amelala, aache kafeini mchana wa mapema, na usiku ajilaze saa moja kabla ya kawaida yake bila kuweka kengele ya alfajiri. Usiku huo wa kwanza utachukuliwa na N3. Wa pili, ndoto zitakuwa nyingi na kali kuliko alivyozoea, na wapo wanaoogopa wakidhani wameugua. Ni zamu ya REM kulipwa, na kwa kuwa fungu lake kubwa liko saa 2 za mwisho, asubuhi hiyo ya pili pia asiamshwe mapema.